Matone ya Upande wa Mbele

Jioni, mvua ya Kericho ilipoachia kidogo, Owiti alichukua funguo akaenda kukagua nyumba yake mwenyewe. Yeye ndiye fundi wa nyumba za wafanyakazi pale kwenye shamba la chai. Akisema nyumba ni safi, watu wanahamia. Safari hii alitamani sana kusema ni safi. Kifua cha bintiye, Molly, kilikuwa kibovu, na kuvu ya nyumba hiyo ndiyo iliyommaliza mkewe, Syprose, mama wa mtoto. Tangu mazishi Owiti hakuwa amelia. Alikula, akafanya kazi, akalala. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Alifungua. Harufu ya jiki, dawa ya kuulia kuvu, ikampiga puani. Kuta zilikuwa zimekwanguliwa na kupakwa rangi upya. Alipapasa pembe, akanusa chini ya dirisha. Hakuna kitu.

Ilibaki nailoni ya kupimia unyevu. Alikuwa ameibandika ukutani, pale kitanda cha Molly kinapokaa, akaiziba pande zote kwa selotepu, kisha akafunga nyumba. Maji yakikaa nyuma ya nailoni, ukuta bado una unyevu. Yakikaa mbele, ni pumzi za watu wanaolala humo.

Akamulika kwa simu.

Nyuma, kukavu.

Mbele, matone yalikuwa yakitiririka.

Nyumba ilikuwa tupu wiki nzima, na funguo alikuwa nazo yeye.

Aliinama. Mvuke ukatanda juu ya nailoni... ukapotea... ukatanda tena. Na ile sauti. Hiii... hiii... Filimbi ya kifua aliyoisikiliza usiku baada ya usiku, mpaka ilipokatika.

Mtu mwingine angetoka mbio. Owiti alisimama tu, kama anayengoja foleni ya kupima majani.

"Molly ako wapi?"

Ilikuwa sauti ya Syprose. Ndivyo alivyouliza kila jioni akirudi kutoka kuchuma chai, hata kabla ya kutua kikapu. Na Owiti akajibu kama kila jioni, bila kufikiri.

"Ako kwa Eddah. Nyumba ya mwisho, karibu na bomba."

Filimbi ikanyamaza.

Nailoni ikakauka mbele ya macho yake. Hewa ikawa nyepesi, hewa nzuri ya kulaza mtoto. Ndipo akaelewa alichofanya, na woga ambao hakuwa ameusikia miezi hiyo yote ukamshika. Alitimua mbio, mlango akauacha wazi.

Eddah alikuwa amehamia pale juzi juzi tu, Syprose hakumjua. Owiti alimkuta mlangoni akichambua mboga, uso umejaa tabasamu.

"Pole pole, Baba Molly, mtoto amelala. Leo hakohoi hata kidogo, tangu yule mama aingie."

"Mama gani?"

"Huyo wa kwenu. Ako ndani, amempakata." Eddah akashusha sauti. "Kwani si wewe umemtuma? Amesema ni wewe umemwelekeza."