Fizi za Mzee Tabasamu

Mzee Tabasamu alikuwa kibogoyo. Eeh! Yule yule mliyemwona ukutani kila duka, kila ofisi, kila zahanati, kakenua meno meupe kama vikombe vipya, mdomoni mwake hakuwa na hata jino la kusingizia. Tabasamu lote lile lilitoka kwenye meza ya kaka yangu, fundi meno, kwenye chumba cha uani kati ya jiko la wifi na kamba ya nguo. Siku niliyoambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi akanibandika kitambaa cha vyombo mdomoni.

"Chekea tumboni, wifi! Unataka tupotee?"

Maana watu walikuwa wanapotea. Mtu anatoka kununua mkate, mkate unarudi na jirani.

Sasa, fundi hakisii mdomo wa mtu kwa macho. Unang'atishwa udongo laini, anamimina plasta kwenye zile alama, zinatoka fizi zako, za juu na za chini, nyeupe pee, zimeungwa nyuma na bawaba ya chuma. Zinafumba na kufumbuka kama mdomo wenyewe. Za Mzee zilikaa kwenye rafu. Kila akifunga kazi kaka anazibana na mpira, anazifunika kitambaa.

Asubuhi moja wifi kaingia kufagia, kazikuta wazi. Mpira uko chini, mzima. Kitambaa kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kimewekwa kando.

"Panya huyo," alisema kaka.

"Panya gani anakunja nguo? Mlete basi anisaidie na zako."

Wakacheka, zikabanwa tena. Mchana wifi yuko jikoni anachambua mchele, jua limewaka, watoto wako shule, akasikia *tak*. Kimya. *Tak, tak.* Ikaja harufu ya mafuta ya karafuu, hiyo ya kila fundi meno, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, kama ya mdomo wa mtu aliyelala na nyama katikati ya meno. Halafu sauti. Ile ile ya Mzee ya redioni, nzito, ya kubembeleza.

"Muuza magazeti wa kona. Kesho."

Kesho yake kona ilikuwa tupu, magazeti yanapeperuka barabarani na hakuna anayeinama kuyaokota.

Mara ya pili zikamtaja nesi wa zahanati. Safari hii wifi hakukaa. Alijitanda nguo, akaenda kujifanya anaumwa tumbo, akamnong'oneza yule dada sikioni: ondoka leo hii. Nesi akaondoka. Wifi akarudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda bahati nasibu. Kufika tu mlangoni: *tak, tak.*

"Amekimbia. Basi mama yake."

Na kweli walimchukua yule mama, na ugonjwa wake wa miguu, akiwa na kiatu kimoja.

Kaka alinyanyua nyundo. Akaishusha. Ikulu, ile nyumba kubwa, wakiuliza fizi za Mzee ziko wapi, atasema nini? Kazila panya?

Basi wakaishi nazo. Kaka anatengeneza meno mapya ya Mzee, yavalishwe Alhamisi, na kule rafuni kuna mdomo unaomsikiliza. Wali ukaanza kunuka karafuu. Mashuka yakanuka karafuu. Wakawa wanaongea kwa kunong'ona kwenye nyumba yao wenyewe, hata kuombana chumvi.

Jumanne ndiyo zikasema kubwa.

"Ijumaa. Mtaa wa wachomelea vyuma. Mwanzo mpaka mwisho."

Wifi aliangusha sufuria. Mtaa ule ndiko aliko pacha wake. Pacha, jamani, wamelala tumbo moja! Fundi wa mageti, kelele nyingi, akicheka unamsikia kabla hajakunja kona. Kosa la mtaa wao ni kwamba Mzee alipita na msafara, wao wakaendelea kuchomelea.

"Tuwaambie wahame," kaka alinong'ona.

"Mtaa mzima? Na watoto, na vikongwe? Na wakihama, umeona ya nesi."

Wakamwita mganga. Mwanamke mmoja mfupi, siku za kawaida anauza viatu vya mitumba, alikuja na mkoba wake na harufu ya ngozi kuukuu. Alizinusa fizi, akajifuta pua.

"Jini wa mdomo huyu. Amepata kiti kizuri."

"Anasema kweli?" wifi aliuliza.

"Kweli tupu, mwanangu. Ndio ubaya wake. Ila anasema nusu. Nusu nyingine hamjamuuliza. Muulize Mzee akifa itakuwaje."

Wifi akasogea rafuni. "Mzee akifa Alhamisi… nani mwingine atakufa?"

Maji yakadondoka kwenye bomba la uani. *Tak.*

"Mpishi."

Kaka akakaa chini kwenye sakafu. Mpishi wa nyumba kubwa alikuwa anamjua. Mama mmoja mnene, mcheshi, ndiye anayemsagia Mzee nyama kila meno yakiwa kwenye matengenezo, na kila mara anamtumia wifi salamu: mwambie shoga yangu, meno yakipona nami nastaafu hiki kinu. Hawajawahi kuonana, lakini shoga ni shoga.

"Naweza kumfukuza sasa hivi," mganga alisema. "Nisage hii plasta, niimwage, hamtasikia kitu tena. Lakini Ijumaa itafika tu."

"Na tukifanya hilo la Alhamisi?"

"Hapo mtakuwa mmemjibu. Jini akishajibiwa, anazoea nyumba. Hata nikimfukuza, ataijua njia."

Akachukua mkoba wake akaondoka, akasema mkiamua niiteni.

Hapo ndipo mume na mke walipogombana kwa kunong'ona, ugomvi mbaya kuliko wa kelele.

"Mimi natengeneza meno. Siui mtu."

"Meno yako ndiyo yanayotafuna watu! Kila akitabasamu redio inasema baba wa taifa letu, wewe unapewa bahasha."

"Na yule mama je? Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Na watoto wa kaka yangu wamefanya nini?"

"Kwa hiyo wewe ndiye unayegawa? Huyu afe, huyu abaki?"

"Mtu anagawa kila siku! Ila wewe unamwachia yeye agawe, ndio unaona mikono yako misafi."

Alhamisi asubuhi, meno mapya yako mezani, yanameremeta, gari la nyumba kubwa linakuja wakati wowote, kaka akachukua ndoo akasema anaenda kuoga. Tayari alishaoga. Wifi akasikia maji, akasikia maji, maji yakaisha kwenye ndoo na yeye akaendelea kusugua mwili mkavu, na wifi akakaa kwenye kiti cha mumewe, maana miaka yote hiyo ameketi pembeni yake anaangalia jinsi ufizi wa waridi unavyofunguliwa na kufungwa tena bila alama, akatoa kile alichokuwa nacho kwenye upindo wa nguo, akakitia ndani ya ufizi wa meno mapya, akaufunga tena, na kule rafuni zile fizi zilikuwa wazi kabisa, zimeachama, hazisemi kitu, zinangoja kama mtoto anayelishwa uji.

Mzee alikufa kabla ya chakula cha jioni. Mpishi walisema ndiye kamtilia sumu, wakampiga risasi kwenye jiko lake, kinu bado kina nyama.

Ijumaa ikafika na mtaa wa wachomelea vyuma ukaamka mzima. Mnakumbuka shangwe zile! Picha zinashushwa, watu wanalia barabarani, nami nilicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Mganga alikuja akazisaga fizi kwa jiwe, akazimwaga anakokujua, akafukiza kila chumba. Karafuu ikaisha. Wifi akalala. Ila kila akisaga kitu jikoni alikuwa anasimama katikati, anaangalia mchi.

Yule pacha wake wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya mji. Si ana sauti? Akapata gari. Akapata vijana wawili wa kusimama mlangoni. Juzi akaja kwa dada yake, jino la mbele lilivunjika kwenye zile shangwe.

"Shemeji, nitengenezee jino la maana. Siku hizi napigwa picha!"

Tukacheka. Akang'ata udongo, kaka akamimina plasta. Wifi akamletea chai, anamwangalia anavyokunywa, machozi ya furaha yanamlenga: huyu hapa, mzima.

"Ila kuna wapaka rangi kule mtaa wa pili," pacha alisema, anafuta mdomo. "Wananisema sema. Nitawanyoosha."

Akacheka kile kicheko chake. Vijana wa mlangoni nao wakacheka. Sisi tukachelewa kidogo.

Leo asubuhi wifi kanipigia simu, anapumua tu. Nimekimbia na nguo za kulalia. Kanivuta mpaka chumba cha uani, karafuu inanipiga puani toka mlangoni. Fizi mpya ziko wazi rafuni. Mpira chini. Kitambaa kimekunjwa pembe kwa pembe. *Tak, tak,* na sauti ikatoka ile ya kicheko, ninayoijua toka siku ya harusi ya kaka:

"Wapaka rangi. Jumamosi. Mwanzo mpaka mwisho."

Wifi akanishika mkono. Vidole baridi. "Wifi. Ungekuwa wewe?"

Mimi, mwenye mdomo huu mnaoujua, nikauziba kwa kiganja.

Nje gari likapiga honi. "Dada! Jino langu tayari? Chai ipo?"

Na kaka yangu akapita mbele ya mlango na ndoo, hatutazami, anaelekea bafuni. Nywele zake zilikuwa bado mbichi.