Jibu la Posa ya Kiingereza

Treni ilikuwa imeingia Kindu asubuhi hiyo, na stesheni nzima ilinuka mafuta na samaki wa chumvi. Bulaimu, karani wa mizigo, aligonga mihuri huku kamusi yake ya Kiingereza ikiwa wazi pembeni. Msichana aliyejifunga kikwembe, kitenge cha manjano, akawapita wote waliopanga mstari, akaegemea kaunta.

"Ni wewe njo unajua Kingereza?"

"Inategemea nani anauliza, mupenzi."

"Mupenzi ni mama yako. Mimi naitwa Riziki. Nataka neno la kukataa mutu."

Mkubwa mmoja wa chama tawala, aliyerudi kutoka masomo ya ng'ambo, alikuwa ameleta barua ya posa kwa Kiingereza, ili wazee wajue alivyo juu. Nyumbani kwao Riziki posa hujibiwa kwa lugha iliyokuja nayo, na jibu husomwa mbele ya pande zote mbili. Baba yake alikuwa amemwachia binti ajibu mwenyewe, akiamini hatathubutu kukataa.

Wakakaa juu ya magunia ya mpunga wa Kibombo.

"Iko 'hate'," alisema Bulaimu. "Chuki tu. Hata watoto wanaitumia, kwa uji."

"Ndogo. Ingine?"

"'Loathe'. Inatoka tumboni, kama unanusa nyama iliyooza."

"Yule hanuki, anajipaka manukato ya Ulaya. Ingine!"

"'Despise'. Hapa unamuangalia kutoka juu, na huoni mutu wa kuheshimu."

Macho ya Riziki yakawaka. "Njo hiyo." Akainakili kiganjani, herufi kwa herufi. Bulaimu, aliyezoea kutunga mashairi juu ya wasichana ambao hawakuwapo, akajua huyu yupo, na kwamba yeye amekwisha.

Lakini usiku, alipokaa kumwandikia barua ya jibu, hofu ilimshika. Watu walifungwa kwa maneno madogo kuliko hilo. Akaandika 'dislike', neno la mtu asiyependa sukari nyingi kwenye chai.

Alipomkabidhi barua, Riziki aliipekua mstari kwa mstari.

"Neno langu iko wapi?"

"Watamfunga baba yako, Riziki. Nakupenda, nilitaka..."

"Baba anichagulie bwana, wewe unichagulie maneno. Basi muko wawili!" Akamsukumia barua kifuani, akaondoka bila kugeuka.

Siku ya jibu, mkubwa alikaa katikati ya baraza ndani ya abakosi nyeusi, suti ya wakubwa isiyo na tai, miguu ameinyoosha. Baba alimwita Bulaimu asome, kwani upande wao hakuna mwingine aliyeweza. Bulaimu akaitazama karatasi yake ya woga, akaikunja, akaitia mfukoni.

"I despise you," alisema, kisha akawageukia wazee. "Maana yake, binti anamuangalia mkubwa huyu kutoka juu, na haoni mutu wa kuheshimu."

Uani, wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi hewani.

Mkubwa akaruka. "Nani alitunga ujinga huo?"

"Neno ni langu," alijibu Riziki, amesimama mlangoni.

"Na mdomo ni wangu," alisema Bulaimu.

"Kesho saa mbili, ofisini kwangu. Wote wawili!"

Asubuhi Riziki alimkuta Bulaimu mbele ya ofisi, shati limepigwa pasi.

"Riziki, utanikubali?"

"Unaniposa hapa, mbele ya askari?"

"Ndani huenda nisipate nafasi."

Riziki akacheka. "Nimekubali. Unaogopa?"

"Sana."

"Mimi pia. Twende." Akamshika mkono, mchana kweupe, wakaingia.