Alama Nyekundu Ukutani Kwangu

Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi sare za watoto. Nikatoka kumwaga maji, nikakuta alama ya X ukutani, nyekundu, rangi bado mbichi. Mume wangu, fundi bomba, aliielewa upesi. Nyumba yetu itabomolewa kupisha barabara mpya.

Nilikwenda ofisi ya ardhi siku tano mfululizo. Niliomba kuona ramani ya barabara hiyo. Karani alinizungusha, kila siku njoo kesho. Siku ya tano akasema ramani ni siri. Hasira zilinipanda, karibu nimrukie. Wavunje nyumba yangu, halafu sababu iwe siri?

Nilimwaga yote kwa jirani yetu anayetoa fotokopi. Akaniuliza kama niliandika chochote. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

"Basi hujaomba, dada. Umepiga soga tu," alisema. "Ramani ile ni mali ya umma, na sheria inakupa haki ya kuiona. Andika barua. Si lazima useme unaitakia nini. Nakala yako wakugongee mhuri wenye tarehe. Kuanzia hapo siku zao za kujibu zinahesabiwa. Wakikataa, watoe sababu kwa maandishi, nawe ukate rufaa."

Tuliandika. Mwishoni nikaongeza kwamba nataka pia namba ya simu ya yule aliyepaka ile X, na anapoishi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Jirani akacheka, akasema hilo hapana. Simu ya mtu na nyumbani kwake ni mambo yake binafsi, na sheria inayalinda, kama inavyolinda ya kwangu. Nilinuna, lakini nikaufuta mstari.

Karani alipoiona barua, uso ulimshuka. Akagonga mhuri bila kunitazama. Kabla siku za kujibu hazijaisha, nikapewa nakala ya ramani.

Mume wangu aliifuata ramani, akapima uwanja kwa futi yake, jasho likimtoka. Barabara haitugusi kabisa. Inapita juu ya ghala bovu la ng'ambo ya njia, na X ilikuwa ya ghala hilo. Siku zote hizo sikulala kwa uzembe wa mtu!

Nilirudi ofisini na ramani yangu. Karani aliitazama, akainamisha kichwa.

"Samahani, mama. Tulikosea nyumba."

"Niandikie hivyo hivyo," nikamwambia. "Kisha ugonge mhuri."