Nilimfundisha Mwanangu Aniite Anti

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Tanga, na ninaandika haya kwenye chumba cha kushea hapa Berea, Johannesburg. Mnicheke, mnihurumie, shauri yenu. Nimechoka kukaa nalo moyoni!

Mume wangu alikuwa polisi. Tulijuana mtaa wa Malvern, hapa hapa Johannesburg, nilipokuwa nauza vitenge, akaja kuamua ugomvi wangu na jirani. Mzulu mrefu, mpole, hata "habari" haijui! Alisilimu kwa ajili yangu, tukafunga ndoa msikitini. Kwenda kuiandikisha serikalini? Tukasema wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ikawa miaka saba...

Tulipanga nyumba mtaa wa jirani, Kensington, tukajaliwa binti, Zuhura. Nilideka mie, jamani!

Kisha akaacha upolisi, akaingia chama kidogo cha siasa, anautaka ubunge wa jimbo. Nilifurahi kama mwehu. Kumbe chama chenyewe wimbo wake ni mmoja tu: wageni warudi kwao! Nilipomuuliza, akaniambia hayo ni maneno ya kutafutia kura, yatapita.

Jumapili moja viongozi wa chama walikuwa wanakuja kula kwetu mchana. Asubuhi akanishika mikono, machozi yanamlengalenga, akaniomba nijifanye dada wa kazi.

"Eish, mama Zuhura, leo tu. Wakijua, nimekwisha."

Nikavaa aproni. Zuhura nikamfundisha mwenyewe aniite anti, na kila alipopatia nikampa peremende. Mezani kiongozi mmoja akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Mume wangu akajibu kwamba alifariki. Nami nimesimama pale pale na bakuli la mchuzi!

"Leo tu" ikawa kila Jumapili. Chama kikapata kiti kimoja, akakikalia yeye. Mwezi haukuisha, akaleta mke wa kupiga naye picha, mimi nikaambiwa kazi imekwisha. Kazi!

Nilikimbilia kituo chake cha zamani cha polisi, kumdai Zuhura aliyebaki kwake. Wakanidai cheti cha ndoa, sina. Cha kuzaliwa cha mtoto kiko kabatini kwake. Majirani walipoulizwa wakasema, huyu si dada wa kazi wa pale? Kila Jumapili waliniona na aproni, ningewalaumu vipi?

Juzi nikaenda kumngoja Zuhura getini kwa shule. Mwalimu akamshika bega, akamuuliza huyu ni nani. Mwanangu akaniangalia, akatabasamu.

"Anti," akasema.

Kisha akaninyooshea kiganja, anasubiri peremende yake.

Dada zangu mlioko ugenini, nawasihi, kaandikisheni ndoa zenu kesho asubuhi! Na mume akikuomba umkane mwanao kwa siku moja tu, kataa, hata akilia. Wangu alilia, nikamwonea huruma. Peremende zile nilizinunua mwenyewe, kwa mikono yangu hii.