Kifungu cha Baba wa Nyumba

Kila Jumamosi asubuhi, Dative na mama yake, Donatienne, walipanda basi kutoka ghorofani kwao Scarborough, Kanada, hadi ukumbi wa chama. Kilikuwa chama cha familia zilizotoka Afrika Mashariki, na ukumbi wake ulikuwa katika safu ya maduka, kati ya kinyozi na muuza nguo za Kihindi. Mama alikaanga sambusa jikoni. Dative, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alihudhuria darasa la Kiswahili la Mwalimu Bernard. Watoto wengi pale walikielewa Kiswahili, lakini walizoea kuwajibu wazazi wao kwa Kiingereza. Darasa lile ndilo lililowalegeza ndimi.

Mwaka huo, 2010, Kenya ilipata katiba mpya, na wanachama walisherehekea ukumbini kwa pilau na ngoma. Wiki chache baadaye ulifanyika mkutano wa chama. Polycarp, aliyekuwa katibu, alitoa hoja kwamba darasa la Jumamosi lifutwe ili ukumbi utumike kuangalia mechi za mpira kutoka Uingereza. Donatienne akainua mkono kupinga. Polycarp alihesabu mikono, akaupita wa Donatienne kana kwamba haukuwapo.

"Samahani, Mama Dative," alisema. "Kifungu cha nne cha katiba ya chama kinasema kura ya kila nyumba ni ya baba wa nyumba."

Baba yake Dative alifariki dunia kabla hawajahamia Kanada. Kwa hiyo nyumba yao haikuwa na kura hata moja. Hata katika nyumba zenye baba, akina mama walikaa kimya wakati wa kuhesabiwa. Hoja ikapita.

Dative aliinuka kwa hasira. Nakala ya katiba ya chama ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na mlango. Aliiendea mbele ya watu wote, akalikata neno "baba" kwa kalamu nene, na juu yake akaandika "mzazi".

 Mwenyekiti, Mzee Fidahussein, muuza viungo mwenye asili ya Tanga, alimwita mbele na kumtaka aombe radhi.

"Nimeharibu karatasi, na kwa hilo naomba radhi," Dative alisema. "Lakini neno lile linamfuta mama yangu. Kwa kulikata siombi radhi."

Mama yake hakumkemea. Alikwenda tu kusimama kando yake.

Mkutano ulipokwisha, mzee aliwaomba wabaki. Dative alidhani atafukuzwa chamani. Badala yake mzee alimweleza kifungu kile kilikotoka. Chama kilipoanzishwa, karibu wanachama wote walikuwa wanaume waliotangulia Kanada, wake zao wakiwa bado Tanga, Bukoba au Bujumbura. Waliandika kwa ajili ya watu waliokuwamo chumbani. Baadaye familia zilifika, lakini maneno yakabaki palepale. Hata hivyo waanzilishi walijua kwamba mambo hubadilika, ndiyo maana waliweka kifungu cha marekebisho. Mwenye kura alete hoja kwa maandishi, wanachama wote wapewe taarifa mapema, na theluthi mbili ya wapiga kura waikubali.

"Kwa hiyo lazima tuwabembeleze akina baba?" Dative aliuliza.

"Muwashawishi," alisema mzee. "Mlango uliopo ni huo. Na mimi mwenyewe sijasema nitakubali."

Majira yote ya baridi, Dative na mama yake walikanyaga theluji kutoka ghorofa moja hadi jingine. Baadhi ya akina baba waliwakaribisha chai, kisha wakabadilisha mazungumzo. Mmoja alimwambia Dative aende akasome. Alimjibu kwamba angependa sana kusoma, ila darasa lake wamelifuta. Mwishowe Kamil, dereva wa basi ambaye watoto wake walisoma kwa Mwalimu Bernard, alikubali kuwasilisha hoja.

Kura zilipopigwa, zaidi ya nusu waliikubali, lakini theluthi mbili haikufika. Polycarp alitangaza kwamba suala hilo limekwisha. Dative alisimama, akauliza ni kifungu gani kinachokataza hoja kurudi tena. Polycarp alitafuta, hakukiona.

Muda si mrefu, sherehe ya mwaka ikakaribia, na akina mama wakaombwa wapike kama kawaida. Donatienne aliwajibu viongozi kwa upole, lakini sauti yake haikuyumba.

"Nimesoma katiba yote," alisema. "Hakuna kifungu kinachosema mpishi ni mama."

Akina mama wote wakakataa kupika. Siku ya sherehe akina baba waliingia jikoni wenyewe. Wali wa Polycarp uliungua chini na kubaki mbichi juu, na wageni wakala piza za kuagiza. Watu walicheka, ila nyumbani hawakuacha kujadiliana.

Hoja iliporudi, Polycarp ndiye aliyeomba kusema kwanza.

"Nilidhani nailinda katiba," alisema. "Mke wangu aliniuliza nitapoteza nini yeye akipiga kura. Sitapoteza kitu. Naiunga mkono hoja."

Mzee Fidahussein alikuwa miongoni mwa walioinua mikono. Safari hii theluthi mbili ilipita, na kila mzazi akapata kura yake. Kura ya kwanza ya akina mama ilirudisha darasa siku ya Jumamosi. Mpira ukahamia chumba cha nyuma.

Watu walipokuwa wakipeana mikono, Dative alimwuliza mwenyekiti kwa nini vijana, ambao darasa ni lao, hawakuulizwa lolote.

 "Sikiliza, mwanangu," alisema mzee. "Katiba si msahafu kwamba isiguswe. Wala si karatasi ya kufungia vitumbua, kila mtu aichane anavyotaka. Inabadilishwa na watu wasiokubali kunyamaza, na wasiochoka kufuata njia. Ukiona kuna kifungu kingine kibaya, lete hoja."

"Nitaileta," Dative alisema.

"Najua," mzee alijibu. "Nami nitakupinga mpaka unishawishi."