Mchumba Wangu Alitaka Niitetee Sumu

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, naishi Muyeye, Malindi. Sijaolewa. Majirani wanasema nilijiharibia mwenyewe. Waseme wapendavyo... leo nasema mimi!

Nilisomea kemia, nikaajiriwa na kampuni ndogo inayouza dawa za kuua wadudu shambani. Meneja wa mauzo, Baraka, alikuwa mchumba wangu. Harusi ilikuwa imekaribia.

Kazi yangu ilikuwa hii: kemikali ambayo haijapimwa, naitafutia zinazofanana nayo ambazo zimeshapimwa. Kwa kuzilinganisha, nabashiri kama mabaki yake kwenye mboga yanaweza kuharibu vinasaba, ile asili tunayowarithisha watoto wetu.

Ikaja dawa mpya ya nyanya. Yenyewe ilifanana na dawa isiyo na tatizo, Baraka akafurahi. Lakini ikishaingia kwenye mmea huvunjika, na kile kinachobaki ndani ya nyanya kilifanana na kemikali nyingine, inayojulikana kwa kuharibu vinasaba! Nikamwambia isiuzwe mpaka maabara iyapime mabaki hayo.

"Kufanana tu?" akanicheka. "Basi kila afananaye na mwizi afungwe?"

"Hafungwi. Anachunguzwa."

Akaniahidi kwamba atasubiri. Nilimwamini... mtu unayetaka kuzaa naye, utaachaje kumwamini?

Jumapili moja nilikwenda Marafa kumwamkia shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Hata maji sijanywa, akanivuta shambani.

"Tazama nyanya, mwanangu! Ni ile dawa aliyoniletea mkwe wangu. Kasema umeipima wewe mwenyewe."

Kumbe Baraka hakusubiri! Alimfanya shangazi yangu shamba la majaribio! Tena kwa jina langu! Na nyanya zile ndizo alizokuwa akipikia nyumbani...

Tuliing'oa miche yote, tukaifukia. Shangazi alilia hadi sauti ikamkauka.

Baraka alipowakusanya wakulima Kilifi kuitangaza dawa yake, nilikwenda, nikasimama mbele ya ukumbi.

"Kaa chini, Kadzo," akaninong'oneza. "Utaikosa ndoa."

"Basi na iende!" nikamjibu, watu wote wakasikia. Kisha nikawaeleza nilichokijua na nisichokijua bado.

Nikafukuzwa kazi. Uchumba ukavunjika. Mama yake alizunguka mtaa mzima akiniita mwanamke wa kiherehere. Lakini wakulima waligoma kuinunua mpaka ipimwe, na maabara ikathibitisha: mabaki yale yanaharibu vinasaba. Dawa ikapigwa marufuku.

Shangazi yu mzima leo. Kesho je? Hakuna daktari anayeweza kuniapia, na hilo ndilo linaloniuma. Si Baraka... huyo ameshaoa!

Ndugu zangu wakulima, muuzaji akikwambia dawa yake ni ndugu ya ile ya zamani, muulize kinachobaki kwenye mboga ni nini, na nani amekipima. Nanyi dada zangu, mwanamume akitaka ufumbe mdomo ndipo akuoe, usimbembeleze. Mfungulie mlango aende zake!