Ukungu kwenye Kamera ya Shangazi

Kila Jumamosi, kabla kuku wa jirani hawajamaliza ugomvi wao wa asubuhi, Zahara alikuwa ameshafagia ua, amemchemshia babu yake chai ya tangawizi na kuifuta kamera vumbi. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa sababu alitumwa. Ya tatu aliifanya kwa sababu aliipenda.

Waliishi Kisugu, katika nyumba ya bati jekundu juu ya mteremko wa kwenda Namuwongo. Treni ya mizigo ilipopita kule bondeni, vikombe vilicheza kabatini. Ndani ya nyumba hiyo walikuwamo watu watatu tu. Zahara mwenyewe, msichana wa miaka kumi na mitatu. Shangazi Zubaida, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Na Babu Abdunoor, dereva wa basi mstaafu, ambaye ukimuuliza ni saa ngapi, atakusimulia kwanza ile siku usukani ulipong'oka akiwa njiani kwenda Arua, akaliendesha basi kwa mwiko wa ugali mpaka mwisho wa safari.

"Na abiria je, Babu?" Zahara humuuliza, ingawa jibu analijua.

"Walilala fofofo! Mmoja tu aliamka, akauliza kwa nini basi linanukia mchuzi."

Shangazi Zubaida alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutarizi mashuka kwa cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake. Ya pili ilikuwa kupiga picha kwenye sherehe za wanawake. Kwao Wanubi, bibi harusi anapopambwa, mwanamume hakanyagi chumba kile, hata awe mpiga picha hodari namna gani. Kwa hiyo mwanamke mwenye kamera hutafutwa kama chumvi. Kamera ya Shangazi ilikuwa ile ndogo ya wanaoanza, ya kubadilishwa lenzi. Alijifundisha kuitumia mwenyewe, kisha akamfundisha Zahara. Mwili wa kamera na mipangilio yake vilikuwa kazi ya Shangazi. Kioo cha lenzi kilikuwa kazi ya Zahara.

Lakini siku hizi mapenzi ya Zahara kwa kamera ile yalikuwa yamepoa. Aliyeyapoza ni Shakirah, rafiki yake wa darasani, ambaye kaka yake alikuwa amenunua kamera kubwa.

"Hiyo yenu ni ya kujifunzia," Shakirah alimwambia mbele ya wenzao. "Ya kaka ukiibonyeza inalia kama bunduki ya sinema. Yenu inakohoa tu: kho!"

Wasichana wote wakaanza kukohoa. Zahara naye alicheka, maana usipocheka wanazidi. Lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Jumamosi moja, chai ya Babu haijapoa, mlango uligongwa. Alikuwa Ayesha, bibi harusi wa majuzi, amebeba bahasha ya picha.

"Dada Zubaida, nimekuja na swali," alisema akizipanga picha mezani. "Mimi niliolewa, au nilipaa mawinguni?"

Shangazi aliziinua moja moja. Nyuso zote zilikuwa zimefunikwa na ukungu mweupe, kama zilizopigwa picha kupitia glasi ya maziwa. Kila taa ilikuwa na duara la mwanga kuizunguka.

"Hata pua yangu haionekani," Ayesha alisema. "Na pua hii mume wangu aliisifu!"

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Shangazi aliomba radhi, akaahidi kumpiga picha upya bila malipo akiwa amevaa mavazi yake yote ya siku ile. Ayesha alipoondoka, Shangazi alikaa akiigeuzageuza kamera.

"Mipangilio yote iko sawa," alisema. "Basi imezeeka. Na Jumamosi ijayo kuna bibi harusi mwingine, Taqwa, anapakwa hina. Nikimharibia na yeye, nani ataniita tena?"

Zahara aliinama, akajifanya anaokota kijiko. Yeye alijua.

Siku ya Ayesha, chumba kilikuwa kimejaa moshi wa udi mpaka watu walitambuana kwa sauti. Akina mama walikuwa wakimsinga bibi harusi kwa mafuta ya manukato, na kwa furaha yao wakampaka kila aliyekuwa karibu. Walimpaka Zahara mikono, wakampaka shingo, wakamlowesha hata pindo la gurbaba, ile kanga ya kujifunga kiunoni. Kwa joto lile, kioo cha lenzi kikashika mvuke. Kitambaa maalumu cha kufutia kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa upande wa pili wa chumba, nyuma ya wanawake wanaocheza. Zahara akavuta pindo la gurbaba, akafuta.

Kesho yake aliona kioo kinameremeta rangi rangi, kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi. Akarudisha kifuniko. Hakuna aliyeniuliza, alijiambia. Ndani yake wazo jingine, dogo na la aibu, likanong'ona: ikiharibika, si itanunuliwa kubwa?

Jioni ya siku Ayesha alipoleta picha, Shangazi aliondoa kitambaa kilichoifunika cherehani, akaipangusa taratibu kama mtu anayemwosha mtoto uso.

"Kuna Hajati mmoja ameitaka siku nyingi," alisema. "Nikimuuzia, kamera mpya inapatikana."

"Cherehani ya Bibi?" Zahara aliuliza.

"Bibi yako alitaka nile, hakutaka nilinde chuma."

Zahara alimtazama Babu, akingoja aseme lolote la kuchekesha. Cherehani ile ilimbembeleza Zahara kulala tangu akiwa mchanga, kwa mlio wake wa tiki-tiki-tiki. Kwa mara ya kwanza tangu Zahara amfahamu, mzee yule alikosa hadithi.

Usiku Zahara alijaribu kusema. Alifika mlangoni kwa Shangazi, akageuka, akarudi kulala.

Jumatatu alasiri, Shangazi na Zahara walikwenda mjini kwenye duka la kamera la Bwana Okullo. Okullo alikuwa pande la mtu, mwenye miwani aliyoivaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni.

"Karibu, nyabo, karibu mama! Na huyu msaidizi wako ndiye mpiga picha?"

"Ndiye mtunza kioo," Shangazi alijibu, akatabasamu. "Tunataka kamera kubwa zaidi. Hii yetu imezeeka, inatoa ukungu."

Okullo alishusha kamera nyeusi kutoka rafuni. "Mnaweza kununua mwili peke yake. Lenzi yenu inaingia humu." Akaichomoa lenzi yao, akaifunga kwenye kamera ile mpya, akamkabidhi Zahara. "Jaribu, binti."

Ilikuwa nzito na imara, imemjaa mikononi. Zahara alimlenga Shangazi, akabonyeza. Ikalia kama bunduki ya sinema! Alitamani Shakirah awepo. Kisha picha ikatokea kwenye kioo cha nyuma. Shangazi alikuwa katikati ya ukungu, na taa ya duka ilikuwa na duara la mwanga.

Okullo alikuna kichwa. "Ajabu. Lenzi hii imewahi kuguswa na kitu?"

"Haijaguswa," Shangazi alisema bila kusita. "Mtoto huyu anaitunza kama yai. Heri nijishuku mimi kuliko nimshuku yeye."

Maneno yale yalimchoma Zahara kuliko ambavyo kofi lingemchoma.

"Basi lenzi imekufa," alisema Okullo. "Itabidi mchukue na lenzi mpya pia."

Shangazi aliushika mkoba wake. "Na lenzi tena?" Akafikiri. "Haya. Cherehani itaondoka, na kitanda changu kile kikubwa pia. Niwekee mpaka Ijumaa."

Okullo aliichukua lenzi, akaisogeza kwenye taa ya mezani, akaanza kuteremsha miwani kutoka kwenye paji. Zahara aliiona miwani ile ikishuka. Angenyamaza, Okullo angegundua mwenyewe, na pengine lawama angetwishwa mwingine. Au asingegundua, na nyumba yao ingekosa tiki-tiki-tiki.

"Shangazi, haijazeeka!" alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata wateja wa duka la pili wakageuka. "Ni mimi. Niliifuta kwa gurbaba."

"Gurbaba ipi?"

"Ile ya siku ya Ayesha. Ilikuwa na mafuta. Niliona kesho yake, nikanyamaza. Nilidhani... nilitaka tununue kubwa."

Okullo aliinusa lenzi, akainusa tena, kisha tumbo lake lote likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Nimeletewa lenzi iliyopakwa siagi! Nimeletewa lenzi iliyotafunwa na mbuzi! Lakini lenzi iliyosingwa kama bibi harusi, ndiyo kwanza. Nyabo, hii inanukia kuliko mimi."

Shangazi hakucheka. Okullo alipuliza vumbi kwa kipira chake cha upepo, akadondosha dawa kidogo kwenye kitambaa laini, akafuta kwa mizunguko midogo kuanzia katikati kwenda nje. Alirudia mpaka zile rangi za dizeli zikatoweka. Kisha akairudisha lenzi kwenye kamera yao ndogo, ile ya zamani, akampa Zahara.

Zahara alimlenga Shangazi. Kho! Picha ikatoka safi, kila uzi wa mtandio ukihesabika. Na kwenye macho ya Shangazi kulikuwa na machozi yaliyokuwa hayajaamua kama yaanguke au yabaki. Zahara alitamani ukungu urudi.

"Sikufichi, nyabo," alisema Okullo. "Hii kubwa inaona vizuri zaidi gizani. Lakini nyinyi hamjafika mahali pa kuihitaji. Fungueni madirisha kwanza, mwanga uingie. Siku kamera ndogo itakapowashinda kweli, njooni nitawauzia kwa furaha, maana na mimi nina watoto wanaokula."

"Hatununui leo," alisema Shangazi. "Asante, kaka."

Njia nzima Shangazi alitembea mbele, Zahara nyuma. Walipofika nyumbani alimwambia Zahara jambo moja tu: "Kwa Ayesha utakwenda wewe, na utamweleza mwenyewe."

Zahara alikwenda kesho yake, amebeba kamera, akaeleza yote. Ayesha alimsikiliza mpaka mwisho, akamnunia kidogo, kisha akaingia chumbani, akatoka amevaa mavazi yake yote ya harusi. "Haya, anza na pua," alisema.

Jumamosi ya hina ya Taqwa ilipofika, Zahara alidhani ataachwa nyumbani aoshe vyombo. Shangazi akamvisha mkanda wa kamera shingoni.

"Mimi?" Zahara alishangaa.

"Wewe. Katika ukoo wetu mzima, nani anayejua kuliko wewe kile mafuta yanachofanya?"

Siku hiyo Zahara alinawa mikono kwa sabuni mpaka ikawa na mikunjo. Kitambaa cha kufutia alikifunga kwenye mfuko wake mwenyewe. Mtu aliponyoosha mkono wenye manukato, alirudi nyuma akisema, "Shikamoo Mama, mimi nipake baadaye." Aliwaomba wachelewe kuwasha udi, akavuta pazia, akamkalisha Taqwa kando ya dirisha. Mwanga wa asubuhi ukaangukia maua ya hina mikononi mwake, ukayaonyesha mpaka ncha za kucha. Mama yake Taqwa alipoonyeshwa picha, aliishika kamera kwa mikono miwili, akasahau kuirudisha.

Shakirah, aliyekuja na mama yake, alichungulia. "Hee! Mmenunua mpya?"

"Hapana. Ni ileile inayokohoa."

"Mbona leo picha nzuri hivi?"

"Imepona mafua," alisema Zahara.

Jioni walikaa ukumbini watatu. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, anatarizi shuka la Taqwa. Akaacha kukanyaga.

"Njoo, Zahara." Akamkalisha karibu, bega kwa bega. "Kufuta kwa gurbaba ni ajali. Ungeniambia siku ileile, ningekukaripia kidogo, tungefuta, tungelala. Kilichokaribia kuiondoa cherehani ya mama yangu humu ndani ni kunyamaza kwako. Mimi nilikutetea mbele ya mtu bila hata kufikiri. Imani ya namna ile haipo kwenye rafu za Okullo, na ikichafuka hakuna dawa ya kuifuta kwa dakika mbili. Siku nyingine ukikosea, sema upesi, hata kama sauti inatetemeka. Na kabla hatujakilaumu kifaa kuwa kimechoka, tuangalie kwanza mikono yetu imekifanyia nini. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe kule dukani. Nilikuwa nangoja hasira iishe tu, nayo imechelewa kama treni." Akambusu kwenye paji la uso, akarudi kwenye shuka lake. Tiki-tiki-tiki.

Babu Abdunoor alikohoa. "Kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli," alianza kwa sauti nzito, "na mimi nina jambo. Ile safari ya Arua. Haukuwa mwiko wa ugali."

Cherehani ikanyamaza. Zahara na Shangazi walimgeukia, hawaamini masikio yao.

"Ulikuwa upawa," alisema Babu, akanywa chai. "Ndiyo maana basi lilinukia mchuzi."